Kofia Iliyorudishwa na Mtani

Fundi Halfani,
Barabara ya Sokoni, Mbeya.
13 Oktoba, 1957

Kwa dada yangu Mwanakhamisi, Mlandege, Iringa.

Assalaam aleikum, dada. Kamwene! Mimi mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa koo, na koo langu unalijua, halijapata kupumzika tangu siku niliyozaliwa. Natumaini nawe u mzima, na shemeji Isihaka mgongo wake umemwachia, na wajukuu hawakusumbui zaidi ya kiasi. Barua yako ameniletea dereva wa basi. Ilikuwa inanuka dagaa, lakini niliibusu hivyohivyo.

Unasema Mlandege nzima imekwisha pata habari. Muhidini ameitoa redio ya dukani na kuiweka barazani, ikitazama barabara, na akina mama wameanza kugombania mahali pa kutandika mikeka. Unaniuliza naenda lini Dar es Salaam kutangaza mpira redioni. Jibu limo humu humu, dada. Ila nakujua wewe, tangu utotoni ulikuwa unamaliza nyama kwanza ndipo unagusa ugali. Nakuomba usirukie mwisho.

Bwana wa redio ni kijana mpole, suruali imenyooka, aliyefika Mbeya na mashine ya kunasia sauti garini. Alikuwa amesikia kwamba hapa kuna fundi cherehani ambaye kila Jumamosi anatangaza mpira kwa bomba la bati, na kwamba ameanza kazi hiyo kabla ya uwanja kupata majani. Akaja barazani kwangu kuniuliza mawazo yangu juu ya mpira. Masikini, hakujua anauliza nini! Nilimshika mpaka chai yake ikaota utando.

Nilimwambia mpira unachezwa kwa miguu lakini utamu wake uko mdomoni. Nikamwambia viatu vimeharibu mchezo. Zamani mtu alipiga kwa kidole gumba, ukisikia mlio unajua ni nani hata ukiwa umegeuka. Siku hizi wote wanalia puu, puu, utadhani ni mtu mmoja anacheza peke yake. Nikamwambia refa mzuri ni yule anayeweza kwenda nyumbani polepole. Na mtangazaji asiyejua mama yake mchezaji anauza nini sokoni, huyo ni mhesabu magoli tu, na kuhesabu hata mchunga mbuzi anahesabu. Kijana alicheka mpaka akatoa leso.

Kisha akaniuliza ni kumbukumbu gani naipenda kuliko zote. Wewe unaijua, lakini vumilia, maana kofia ile ni kazi ya mkono wako. Iringa walikuja kucheza Mbeya, wakapata penalti, na wakamtoa Marcelino seremala aipige. Golini alikuwa Ambrosi, fundi mwashi, Mngoni wa Songea, na kwa hiyo mtani wangu, kwa kuwa babu zetu Wahehe na babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri watukanane. Basi nikaweka bomba mdomoni nikautangazia uwanja kwamba Mngoni huyu hajui kushoto kwake, kwao kushoto ni upande wa kumwagia majivu. Watu hoi. Marcelino, ambaye ni mtu wa kanisani na mkweli, akasadiki kwamba utani ni habari, akapiga kushoto. Ambrosi akaudaka kama anapokea mtoto.

Wala hakuupiga mbele. Aliutia kwapani, akatembea taratibu mpaka mezani pangu, akanivua kofia, akaivaa, akarudi golini, ndipo akaupiga. Refa alicheka filimbi ikamdondoka. Tangu siku ile kofia ikawa yake. Alichonyakua mtani huendi kukidai kwa wazee; unakikomboa kwa kuku. Nami nilipeleka kuku, dada, mmoja baada ya mwingine. Alikula kuku wote na kofia hakutoa, na kila Jumamosi aliivaa makusudi nimwone.

Kijana wa redio alifurahi sana, akasema Jumamosi inayofuata anijaribu. Nilidhani atakuja uwanjani. Kumbe alinipeleka kwenye chumba alichokitundikia mablanketi ukutani, akaniambia nitangaze mpira wa kuwaza, na huku mpira wa kweli unachezwa bila mimi. Nikaanza. Sauti ilitoka vizuri. Nilipofika golini nikamtupia kipa Mngoni maneno yangu ya siku zote, halafu nikanyamaza, nasubiri. Kijana akanipungia mkono niendelee. Nikamuuliza atanijibu nani. Akasema redioni hakuna anayejibu, watu wanasikiliza tu, na hata hivyo maneno yale itabidi tuyaache, kwa sababu Mngoni aliye Songea asiyenijua atayaona matusi. Alisema kweli, simlaumu. Utani usiojibiwa ni matusi.

Hata hivyo sauti yangu ilimpendeza, akanipa kazi palepale, na nyumba juu. Nikakubali, dada. Nilitoka mle nikitembea kama bwana harusi, na njiani nikampa dereva wa basi habari akuletee. Ndiyo hiyo iliyomfanya Muhidini atoe redio nje.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu hapa Mbeya. Ambrosi alipooza mwaka jana, upande mzima wa kulia, na ulimi ukawa mzito. Analala chumba cha nyuma cha nyumba yake, pale nyuma ya goli la chini. Kelele za uwanja anazisikia, ila kitandani pake haoni kitu isipokuwa dari. Watu wanafikiri napaza sauti ili uwanja wote unisikie. Uwanja una macho, dada! Mimi namtangazia Ambrosi. Meza yangu niliihamisha nikiwaambia watu kwamba nakimbia jua, kumbe nataka bomba lielekee dirishani kwake. Mkewe Juliana amemwekea debe kando ya kitanda, na nikimtukana analigonga kwa mwiko, kwa ule mkono uliobaki mzima. Nikisikia debe, najua nimetukanwa barabara, naendelea.

Jumamosi ile niliyokuwa chumbani mwa mablanketi, sikumpelekea habari. Niliona aibu, na furaha nayo ilinifanya mjinga. Juliana ameniambia alishika mwiko tangu mpira ulipoanza mpaka ulipokwisha, na hakuna mtu aliyemtukana.

Keshoye Juliana alikuja barazani na kifurushi cha kanga. Ndani ilikuwa kofia yangu, imefuliwa, imetiwa wanga, imepigwa pasi. Akasema mumewe amesikia habari za redio, na amesema mtu haendi Dar es Salaam kichwa wazi. Nikamuuliza hakuna neno jingine? Akasema hakuna. Nikamuuliza hakudai kuku? Akasema hakudai. Wewe ni Mhehe, dada, sina haja ya kukueleza. Mtani akikurudishia alichokunyang'anya, bila kuku, bila hata tusi moja dogo, huyo anakuaga. Nililia mbele ya wateja wangu bila haya, na kanzu ya watu ikalowa iko bado chini ya sindano.

Kwa hiyo siendi. Nimekwisha mwambia kijana wa redio. Alinuna kidogo, kisha akasema ananielewa, ingawa sidhani. Nisamehe, dada. Najua ulikwisha tandika mkeka wako mbele ya wote, na najua watakavyokusema wale wenzako wa kisimani. Waambie mdogo wako ni mpumbavu wa kuzaliwa, hawatabisha. Muhidini mwambie redio asiiondoe barazani, wasikilize taarabu. Moyo wangu ulitaka sana ujivune kwa ajili yangu, na hilo peke yake ndilo linaloniuma. Mengine yote, wallahi, nimeridhika nayo.

Jana nilikwenda uwanjani kofia yako kichwani. Mpira ulipoanza niligeuza bomba dirishani, nikatangaza kwamba Mngoni mmoja amerudisha kofia kwa kuwa kichwa chake kimesinyaa kwa uji, na kwamba mimi siendi popote, na kama bado ni mwanamume aje aichukue. Debe halikulia. Mpira unaendelea, mimi sitangazi, watu wananigeukia kuuliza fundi ana nini. Nilianza kufikiri nimechelewa.

Halafu debe likalia, dada. Si kulia, ni vurugu! Mara mlango wa nyuma ukafunguka na Juliana akatoka, kanga kiunoni, mikono ina unga, akakata katikati ya uwanja mpira ukichezwa. Refa ikabidi asimamishe mchezo. Alinijia mpaka mezani, hakunisalimu, akaninyang'anya kofia kichwani akarudi nayo kwa njia ileile, na uwanja mzima umesimama unampigia makofi. Leo asubuhi nimepita kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa ameivaa kitandani. Aliponiona alisema neno moja kwa ule ulimi wake mzito, na Juliana hakuhitaji kunifasiria. Alisema kuku.

Iringa watakuja kucheza hapa mwezi ujao. Panda basi nao, dada, na mkisimama Chimala ninunulie mchele. Utakaa kando ya meza yangu unisikie kwa masikio yako, na bure.

Nisalimie shemeji Isihaka, Muhidini, na kila mwenye mkeka. Juliana anakusalimu. Ambrosi naye amepiga debe, chukulia ni salamu. Ukipata nafasi nidarizie kofia nyingine, kichwa ni kilekile. Ile ya kwanza usiihesabu tena.

Ni mimi nduguyo anayekupenda,
Halfani