Taa Zilizoangalia Kushoto

Norrbäck, 8 Machi 1981

Mwanangu Ingegerd,

Salamu nyingi kwako na kwa Rune. Hamjambo huko Linköping? Na huyo aliye tumboni, anapiga mateke bado? Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonung'unika. Theluji ingali imefika dirishani. Jirani yetu Evert anakusalimu. Tangu aache kuendesha lori la maziwa hana kazi ila kuimaliza kahawa yangu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu napiga kelele, wewe unasema "Mama, nakusikia," nami nasahau nilichotaka. Ni hivi: nataka kumwamsha Majken. Usicheke. Juzi niliingia bandani nikamfunua turubai. Yuko vilevile nilivyomwacha ile Jumamosi ya mwaka 1967, siku moja kabla serikali haijatuhamisha sote kutoka kuendesha kushoto mwa barabara kwenda kuendesha kulia. Matairi yamelala chini, lakini sura ya gari langu ni ileile.

Mtoto wako atazaliwa karibu na sikukuu ya kiangazi. Nimezalisha nusu ya wilaya hii, na kwa kina mama wengi nilifika na usukani mikononi mwangu. Kwa mjukuu wangu mwenyewe siletwi na treni kama furushi. Wewe ndiye fundi wa mabasi, nieleze nianzie wapi.

Mama yako,
Hildur


Linköping, 15 Machi 1981

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mateke yapo, hasa nikitaka kulala. Pole na goti.

Barua yako niliisoma gerejini kwa sauti, mafundi wenzangu wakacheka mpaka mmoja akajimwagia kahawa. Miaka yote umetuambia hutaki kuendeshwa na serikali! Tangu mwaka ule ulikuwa unakwenda kuzalisha watu kwa baiskeli, na wakati wa baridi kwa kile kigari cha kusukuma kwenye theluji, kama msichana wa shule. Leo umegeuka?

Treni ipo, Mama, na haina ubaya wowote. Lakini nakujua, ukishasema umesema. Basi nisikilize vizuri. Usiguse swichi. Injini iliyolala hivyo ukiilazimisha utaiua. Toa plagi zote tatu, mimina oili kidogo katika kila tundu, uiache iloweke kama maharage. Halafu tia gia ya juu, Evert asukume gari mbele na nyuma, taratibu. Likikataa, ongeza oili na uvumilie. Petroli ya zamani iondoeni yote. Na kabureta isipigwe nyundo. Nasema hivyo kwa sababu namjua Evert.

Mwanao,
Ingegerd


Norrbäck, 6 Aprili 1981

Mwanangu,

U hali gani? Mguu haujavimba? Ukivimba uinue juu ya kiti, usijifanye shujaa. Mimi naendelea vizuri kuliko nilivyokuwa miaka mingi. Nalala mikono inanuka oili, na usingizi unanijia mara moja.

Kwenye kichujio cha hewa tulikuta kiota cha panya, na unajua wamekijenga kwa kitu gani? Kofia yangu nyeupe ya ukunga! Niliitafuta nyumba nzima mwaka ule, nikamlaumu shangazi yako. Injini ilikataa kabisa kuzunguka. Tukaongeza oili, tukaenda kanisani, tukarudi, ikakataa. Evert akasema, "Hildur, huyu amekufa, tumzike." Nikamwambia asukume tena na afunge mdomo. Ijumaa nilisikia kitu kikilainika ndani, gari likasogea kiasi cha kidole. Nilimkumbatia Evert. Amekuwa mwekundu kwa haya mpaka leo.

Jana nikamkuta anataka kutia petroli tupu. Nikamzaba kibao mkononi. "Majken hanywi petroli tupu, lazima ichanganywe na oili!" Akasema, "Mimi nimeendesha lori tangu ujana wangu." Nikamjibu, "Basi nenda ukalinyweshe lori lako."

Mama yako,
Hildur


Linköping, 12 Aprili 1981

Mama,

Shikamoo, na hongera! Gereji nzima sasa inauliza habari za Majken kila asubuhi kabla hata ya kuniuliza mimi. Tumbo limekuwa kubwa, siingii tena chini ya basi. Nasimama pembeni naonyesha kwa kidole kama malkia.

Kabla ya kuwasha, breki. Mipira ya ndani lazima imekauka. Nimekutumia mipya kwa posta, pamoja na mchoro wa kumwonyesha Evert. Gari lisipowaka utabaki nyumbani tu. Lisiposimama, utaniletea msiba.

Mwanao,
Ingegerd


Norrbäck, 3 Mei 1981

Mwanangu Ingegerd,

Natumaini u mzima. Mwili wangu hauna shida.

Majken amewaka. Alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena, kisha ule mlio wake wa sufuria yenye mbaazi ukajaa bandani. Moshi wa samawati ulitoka hadi kuku wa Evert wakakimbilia barabarani. Nililia, sikuona haya. Nikapanda, Evert kando yangu, tukashuka taratibu hadi langoni, nikakunja kona nikaingia barabarani.

Niliingia kushoto.

Sikuona kosa lolote. Nilikuwa naimba. Evert alikuwa anasema, "Hildur. Hildur. Hildur!" nami nikadhani anaifurahia sauti yangu. Kumbe mbele yetu linakuja gari la posta. Breki zako zilishika, mwanangu, Mungu akubariki. Yule kijana wa posta alishuka akaniuliza kama natoka Uingereza. Kijiji kizima kinacheka, nami nilicheka nao. Nilipofika jikoni nilifunga mlango nikaketi bila kuvua koti.

Nikuambie kitu ambacho hata marehemu baba yako sikumwambia. Kilichonifanya niache kuendesha hakikuwa serikali. Ilikuwa hofu. Mikono yangu ilijua kushoto tu. Nikajiwazia ni usiku, kuna mvua, mama ana uchungu kiti cha nyuma, analia, nami nina haraka. Kichwa kitasema kulia, mikono itakwenda kushoto. Nikaona afadhali niitwe mkaidi kuliko kumuua mama na mwanawe. Wiki hii nimeona kwamba sikukosea kuogopa. Nimemrudishia Majken turubai lake. Huenda nikaja kwa treni, sijui. Huko kuna wakunga wazuri wengi.

Mama yako


Linköping, 9 Mei 1981

Mama yangu,

Shikamoo. Sitakuuliza hali, nimeiona katika barua yako. Hata jina lako hukuliandika.

Na mimi nikuambie. Naogopa. Nina miaka thelathini na sita, huyu ni wa kwanza, na mbele ya Rune najifanya kwamba naifahamu kazi hii kama ninavyofahamu injini. Sitaki wakunga wazuri wengi. Nakutaka wewe. Njoo kwa treni, njoo kwa miguu, lakini njoo.

Ila ukitaka kujua maoni ya fundi: Majken hana kosa, na mikono yako ni ya kufundishwa upya tu. Tukipata fundi aliyezoea kufungua nati upande usiofaa, tunamfunga kitambaa mkononi mpaka azoee. Kwenye bahasha kuna glavu moja nyekundu ya sufu. Nimeifuma mwenyewe, ndiyo sababu kidole gumba kiko pale kilipo. Ivae mkono wa kulia. Usukani wa Majken uko kushoto, kwa hiyo zamani mtaro wa barabarani ulikuwa mlangoni kwako. Sasa mtaro uko upande wa abiria. Mkono mwekundu uwe upande wa mtaro, basi, hakuna jingine la kukumbuka. Anza na njia ya msituni, Evert akae na wewe, na umruhusu kupiga kelele.

Nakusubiri.

Mwanao,
Ingegerd


Norrbäck, 9 Juni 1981

Mwanangu mpenzi,

Hujambo, na tumbo je, limeshuka? Likishuka mwambie Rune asiende mbali. Mimi sijambo sana! Goti lenyewe limesahau kuuma.

Glavu ni mbaya ajabu, siivui. Njia ya msituni tumeimaliza, kisha ya kanisani, kisha barabara kuu. Mwanzoni Evert alikuwa akiita "Nyekundu!" kila kona. Siku hizi analala, nami nalichukulia hilo kama cheti.

Jumatatu ya wiki iliyopita tulikwenda kwenye ukaguzi wa magari. Mkaguzi alipapasa kila kitu, akasifu breki, kisha akawasha taa akacheka. Unajua nini? Taa za Majken bado zinamulika ukingo wa kushoto! Mwaka ule kila mtu alibadilisha zake, isipokuwa aliyekuwa bandani. Akasema, "Bibi, gari lako nalo halijasikia habari." Akanikatalia. Zamani ningerudi nyumbani nikanuna. Safari hii Evert alipata taa za mkono wa kulia kwa mtu wa Bollnäs, tukazifunga, tukarudi, akatupitisha.

Nakuja Jumanne baada ya sikukuu. Usinipikie, nakuja na mikate ya iliki.

Mama yako,
Hildur


Linköping, 5 Julai 1981

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi sote wazima, na sasa sisi ni watatu. Umeondoka leo asubuhi, nami nimeketi kukuandikia, kwa sababu ulipokuwa hapa hukunipa nafasi ya kusema, ulikuwa unamfundisha Rune kukunja nepi.

Nataka nikuambie nilichokiona siku ile. Rune yuko kazini na gari letu, chupa ya uzazi imenipasukia jikoni, mvua inamwagika, nami nalia kama mtoto. Nakumbuka ulinilaza kiti cha nyuma. Nakumbuka harufu ya oili na iliki. Tulipofika ule mzunguko mkubwa wa barabara karibu na hospitali nilijiinua nikapiga kelele, "Kulia, Mama, kulia!" nawe hukugeuka hata kidogo. Ulisema, "Najua kulia ni wapi. Wewe pumua." Nikaiona ile glavu kwenye usukani, imetulia kabisa.

Ulikuwa ni usiku wako ule uliouogopa miaka yote, Mama, ila ulikuja mchana. Mvua, haraka, mwanamke mwenye uchungu kiti cha nyuma. Na ulitufikisha, mimi na Majken mdogo. Najua ulisema jina hilo ni la gari. Tumeshaliandikisha.

Sasa nikuambie la mwisho. Asubuhi hii tulisimama dirishani kukupungia. Uliwasha, ukatoa moshi, ukafika langoni, ukaangalia huku na huku, ukakunja kulia kama mtu aliyezaliwa huko. Nilipoinama kumlaza mtoto ndipo nikaona chini ya mto wake kitu chekundu chenye kidole gumba mahali pasipofaa. Rune alitaka kukukimbilia. Nikamshika shati nikamwambia, "Mwache."

Kama unaisoma hii mezani kwako jikoni, basi umefika, na mkono wako ulikuwa mtupu njia nzima.

Mwanao,
Ingegerd