Breki za Ekseli Mbili Kwenye Gari Moja

Mpendwa mshauri,

Leo ni tarehe tisa Machi, na nimetimiza miaka thelathini na minane na miezi minne tangu nivuke mpaka na mke wangu, masanduku mawili na gari ambalo ndilo linalonifanya niombe msaada kwenye ukurasa uliozoea wachumba na mawifi.

Mke wangu ameshatangulia mbele ya haki, gari lipo. Mwaka jana dramu ya breki ya gurudumu la nyuma la kulia ilipasuka, na kwa kuwa vifaa vya gari la umri huo haviuzwi tena dukani, nikaenda kwa muuza vyuma chakavu, nikapata ekseli nzima ya nyuma ya gari la aina hiyohiyo lakini lile refu la mizigo, nikafungua upande mmoja, dramu, viatu vya breki, silinda na bamba linalovishika, matundu manne ya boliti yakalingana na yangu sawasawa, nikafunga kulia, na upande wa kushoto nikauacha kama ulivyovuka mpaka, kwa sababu ulikuwa mzima na kwa sababu, niseme ukweli, sikutaka kuugusa.

Fundi jirani yangu akachungulia chini ya gari. "Mzee, umefunga breki za mizigo kulia na za abiria kushoto? Badili zote au rudisha zote!"

"Matundu yamelingana," nikamjibu.

"Hata kofia ya polisi inanienea kichwani, mzee, lakini simkamati mtu."

Alisema kweli na kweli yake inaniudhi mpaka leo, maana ukikanyaga breki barabara ikiwa imelowa, gurudumu la kulia linakaba kwanza na mkia wa gari unataka kutangulia mbele.

Sasa binti yangu na mumewe wameamua, bila kuniuliza, kwamba mwezi wa sita watanipeleka nyumbani kwa gari hilohilo, "njia ileile, Baba, ila kinyumenyume," anasema mkwe wangu, mtu mwema, mchangamfu kupita kiasi, ambaye ameshabandika ramani kwenye mlango wa friji, hata nikienda kuchukua maziwa barabara inanikodolea macho. Nikisema magoti, wananunua mto wa kukalia. Nikisema pasipoti, fomu zinaletwa zimeshajazwa. Nao hawajui kwamba katika nyumba tuliyoiacha wanaishi watu, na watu hao nawafahamu mmoja mmoja. Basi nikasema gari lina hitilafu ya breki. Habari za safari zikasimama. Niliona raha, mshauri, raha ya kweli, na tangu hapo mkwe akiuliza, "Breki zimefikia wapi, Baba?" najibu, "Bado bado," huku upande wa pili wa ile ekseli uko gereji, mzima, kazi ya asubuhi moja tu.

Juzi binti yangu alichukua ufunguo bila kuaga akaenda sokoni, mvua ikamkuta njiani. Alirudi na taa ya nyuma imevunjika. "Baba, gari limegeuka lenyewe." Nilimpa chai. Nikamkorogea sukari. Nikilitengeneza watanipeleka, nisipolitengeneza... Nifanyeje?

Msomaji wako wa miaka mingi

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Ukishaitikia, kaa nikugombeze.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Unaandika vizuri, ndiyo maana nusura unipitishe pale kwenye chai bila kushtuka. Mwanao anaponea chupuchupu barabarani, nawe unamkorogea sukari!

Za breki hukuniuliza, maana unazijua, na fundi alishakueleza kwa lugha nyepesi kuliko yangu. Ulichofanya ni kulituma gurudumu likakatae safari badala yako. Gurudumu halina adabu, mzee. Halichagui linayemtupa.

Kwa hiyo, kabla hujalikunja gazeti hili, chukua funguo zote za gari, pamoja na ule wa akiba, uzitie mfukoni. Kesho asubuhi mwite huyo jirani mwenye mdomo. Habari ya matundu usimwanzie. Afunge upande wa kushoto kutoka ekseli ileile, kila kitu, mpaka silinda, ili kushoto na kulia viwe mapacha. Aangalie na waya wa breki ya mkono, atoe hewa kwenye mafuta ya breki, kisha ajaribu mahali pasipo na watu. Kile cha zamani atakachokifungua kushoto kiweke kabatini, wala sitakucheka. Nami nina vitu vyangu kabatini.

Binti yako usimsubirishe mpaka kesho. Mwambie leo kwamba ulijua gari hugeuka kwenye mvua, na kwamba dawa yake iko gereji. Atakasirika, mwache akasirike, ni haki yake.

Safari sikulazimishi. Mtu aliyehama akiwa kijana akazeekea ugenini halazimiki kuugua ndipo akatae kupelekwa. Wala huna deni la kueleza nani anaishi katika nyumba ile; ukitaka kueleza, eleza, usipotaka, nyamaza. Lakini hawa watoto wanakupenda, wanabandika ramani kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba inakuumiza. Mkwe wako si adui. Ni mtu ambaye hajajibiwa.

Waite wote wawili, zima redio, uwatazame usoni, na usiongeze neno juu ya haya: "Gari liko salama. Mkitaka kwenda, nendeni. Mimi sitarudi."