Bunda la Mzee Kaberia

Nairobi, Jumapili baada ya kanisa

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu binti yako. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako karibu na jiko, goti limetulia, na mvua imewafikia huko Laare. Mimi ni mzima, mwili na moyo. Nakula, nalala, na kanisani naenda, usiniulize tena. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu anayekusomea ni mke wa kaka, na Kimeru chake, tusidanganyane, bado ni cha kuombea chumvi. Wifi, hapo usiruke! Soma yote kama nilivyoandika, hata pale Baba atakapokunja uso.

Kwanza habari njema. Leseni yangu imetoka. Si ile ya kujifunzia, ni ile ya kazi yenyewe, ambayo mtu anaweza kunilipa nikaendesha ndege yake. Nilipokabidhiwa niliketi kwenye ngazi za ofisi nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia, "Sijafiwa, mzee, nimekuwa rubani." Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, kisha akasema, "Basi futa kamasi, rubani."

Kumbe shida inaanza hapo. Kila kampuni inataka rubani aliyeruka saa nyingi. Saa huzipati bila kazi, na kazi huipati bila saa. Nilizunguka uwanja wa Wilson wiki mbili nikigonga milango, viatu vikaisha kisigino. Lakini Mungu si Athumani, Baba, sasa nina nafasi tatu mkononi na usingizi ndio umenikosa.

Ya kwanza ni ya kampuni ya watalii. Hao wanataka nikae mezani mwaka mzima, nikipima mabegi ya wageni na kuwapima wageni wenyewe, ndipo nipewe kiti cha pembeni mwa rubani kwenye ndege. Mama anayefanya kazi hiyo aliniambia kwamba mtu akiulizwa uzito wake husema uongo, kwa hivyo yeye humwangalia tu kiunoni na kuongeza. Nilicheka sana. Ya pili ni pale pale shuleni nilikosomea. Wanataka nifundishe wanaoanza. Mshahara ni wa unga na nauli, lakini nitaruka kila siku Mungu akileta.

Ya tatu unaijua kuliko mimi. Wifi aliniandikia kwamba Mzee Kaberia, mnunuzi wako, alikuja nyumbani na bunda la miraa limefungwa vizuri kwa jani la mgomba. Alikwambia ana ndege mbili za kupeleka miraa Somalia na anataka rubani wa kwetu, mkakaa mkatafuna mpaka jua likashuka. Baba, nilishika kichwa. Mimi ni Mmeru. Najua mzee akikuletea bunda kwa ajili ya jambo, nawe ukalitafuna, umekubali. Hukuniuliza, na iliniuma kidogo, sitakuficha. Lakini nilikuona nilivyokujua, furaha imekujaa kwamba miraa ya shamba lako itapelekwa na mtoto wako mwenyewe. Kwa heshima yako nikaenda kujaribu.

Ilikuwa Jumanne. Niliambiwa niruke na Kapteni Salim, mtu mzima wa Lamu, mpole, anayesema bismillahi kabla ya kugusa kitu chochote. Pikapu zilifika kutoka Maua kumepambazuka, na vijana wakaanza kupakia mbio mbio, maana unajua miraa iliyonyauka haina rafiki. Karani alikuwa amesimama na karatasi yake, kila gunia limeandikwa kilo ishirini na tano. Nikashika moja nilisogeze. Baba, nimebeba magunia hayo tangu darasa la nne. Mkono wangu ulijua kabla ya kichwa.

Nikalipapasa chini. Maji tupu.

Nikamwuliza kijana mmoja kwa lugha yetu, "Mlipima wapi haya?"

"Maua, jana jioni."

"Na maji mlinyunyiza wapi?"

"Njiani, mwana wetu. Mjini Embu mara moja, na hapa tena tulipofika. Ama unataka ikauke?"

Unaona, Baba? Kwetu hakuna asiyejua kwamba majani ya mgomba hunywa maji. Tunanyunyiza ndipo miraa ifike mbichi, na hakuna aliyewahi kujali uzito kwa sababu pikapu haijali. Lakini ndege inajali. Nikamweleza Kapteni Salim, naye akapiga paji la uso. "Ala! Miezi yote hii ndege inagoma kuinuka kama punda, nami namsumbua fundi wa watu!" Tukaazima mizani ya banda la jirani. Hakuna gunia lililokuwa na kilo ishirini na tano, yote yalizidi. Hesabu ikatoka, magunia sita yateremke.

Karani akauliza, kwa sauti kubwa, "Yateremke ya nani?" Wote wakanigeukia mimi niliyeleta balaa. Na yale ya karibu na mlango, Baba, yalikuwa na uzi mwekundu mdomoni. Nilijua mkono ulioyafunga. Ningeteremsha ya jirani, Laare yote ingejua kabla ya jioni kwamba binti yako amependelea kwao. Nikasema, "Teremsheni yenye uzi mwekundu."

Kwa hivyo yale magunia sita uliyoambiwa yamenyaukia Nairobi, na wifi anasema ulimlaani rubani na kuomba apakwe upupu mwili mzima, rubani huyo ni mimi. Nisamehe. Najua jasho lililoingia humo, na najua mama aliamka saa ngapi kuyafunga. Nikija Krismasi upupu nitauchuma mwenyewe.

Ndege iliinuka vizuri, haki ya Mungu. Kapteni Salim aliniachia usukani tulipovuka Tana, nchi yote kavu imelala chini, nikaimba wimbo wa kwaya bila kujua naimba. Tulitua kwenye uwanja wa mchanga kule ng'ambo. Watu wenye bunduki wamesimama, akina mama wanakimbilia magunia, hakuna salamu, dakika chache tumeshaondoka. Niliogopa, Baba. Bunduki zilinitisha, lakini zaidi nilijiogopa mimi mwenyewe. Niliwaza asubuhi ambayo nitakuwa peke yangu, karani ana haraka, maji yanachuruzika, nami nimezoea.

Tukirudi nilimwuliza kapteni angefanya nini kama angekuwa mimi. Akasema, "Mwanangu, saa utazipata popote. Lakini mazoea utakayoanza nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Mimi nimeshazeeka na yangu."

Mzee Kaberia alikuwa akitungoja Wilson. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kwa upole kabisa, "Binti, rubani wangu hupeleka kilichopakiwa. Kupima ni kazi ya karani. Wateja wangu walipungukiwa leo. Baba yako alinipa neno, nami nalitegemea." Nikamjibu, "Nimesikia, mzee," kwa sababu hujanilea kujibizana na wazee. Lakini kusikia si kukubali.

Baba, nimeamua. Nitafundisha pale shuleni. Wiki ijayo naanza kozi ya ualimu wa urubani. Najua utasema, "Kumbe karo yote ile ilikuwa ya kutoa mwalimu? Si ungebaki hapa Laare ufundishe na mke wa kaka yako?" Wifi, samahani, lakini unamjua. Baba, ukweli ni kwamba siku ile kilichonifurahisha kuliko kuruka kwenyewe ni pale nilipomweleza mtu aliyenizidi miaka thelathini habari ya jani la mgomba, akanisikiliza, akashukuru. Nililala nikitabasamu. Hiyo ni kazi ninayoweza kuifanya miaka mingi nisichoke. Watalii nao nimewaambia wanikumbuke baadaye, nikishapata saa zangu.

Linalobaki ni gumu, na ni lako. Neno kwa Mzee Kaberia ulilitoa wewe, na mimi siwezi kulirudisha kwa barua kutoka Nairobi, mtoto wa juzi. Itabidi nawe umpelekee bunda, zuri, la ile miti ya zamani, mkae, mtafune, umwambie. Najua hutapenda. Najua ni mnunuzi wako na anaweza kukasirika akaenda shamba la mwingine, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ukikataa kwenda sitakulaumu wala sitapunguza heshima. Lakini kwake siendi kazi, Baba. Hilo nimelimaliza.

Nisalimie mama, umwambie sweta aliyonifumia inanikaa vizuri na huku asubuhi kuna baridi. Kaka yangu mkubwa mwambie aache kutangaza sokoni kwamba nitapitisha ndege juu ya Laare, sitaruhusiwa. Shangazi, muuguzi wa Nkubu, mwambie zile dawa za kichefuchefu sikuzihitaji, nimempa mwanafunzi mwenzangu. Nyanya mbusu kichwani kwa niaba yangu, na akiuliza kama huku juu nimemwona Mungu, mwambie bado ila nimekaribia. Wewe wifi, asante kwa sauti yako, na sasa msomee hii ya mwisho polepole.

Baba, ukikaa na Mzee Kaberia, usimwambie msichana aliogopa. Mwambie alipima mwenyewe, akakataa.

Ni mimi binti yako anayekupenda,

Kananu