Nilimpikia Mpimaji Biriani, Sasa Fidia ya Mke Wangu Iko Mashakani

Bi Goretti wa ukurasa wa ushauri,

Salamu nyingi kutoka ghorofa ya tisa hapa Ladywood, Birmingham. Naomba unisaidie, na ukitaka kucheka tafadhali cheka ukiwa umeketi, maana binti yangu alicheka amesimama na nusura aanguke.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na ushee, mzaliwa wa Unguja, kitambi kipo, nywele zimeaga, na kazi yangu ni kupeleka bidhaa za supamaketi majumbani kwa gari. Mke wangu Saleha, miaka mitatu iliyopita, aliingia hospitali moja nje ya mji huu kutolewa mawe ya nyongo, operesheni ndogo tu, tukaambiwa jioni atakuwa nyumbani, lakini baada ya kupasuliwa, akiwa bado na usingizi wa dawa, hapakuwa na mtu wa kumwangalia anavyopumua, hewa ikapungua, na walipokuja kushtuka ubongo wake ulikuwa umeshakaa bila oksijeni dakika kadhaa. Alizinduka, tukashukuru Mungu, na hospitali yenyewe imekwisha kukiri kosa, kwa hiyo hatugombani tena nani mkosa. Kilichobaki ni fidia, yaani kupima Saleha amepoteza nini na atahitaji msaada gani maisha yake yote, na kazi hiyo anaisimamia wakili wetu, kijana mpole anaitwa Anish.

Sasa, Bi Goretti, ukimwona Saleha huwezi kujua kitu. Uso ni uleule, kicheko kilekile, na salamu zake hazikuguswa hata moja: atakuuliza hali yako, ya watoto, ya mama yako, na atakumbuka kwamba mama yako ana magoti. Lakini huyohuyo huwasha jiko akaenda kuketi, akashangaa nani anaunguza chakula. Akishuka kwenda dukani hupotea njia, hurudishwa na majirani, ikifika saa sita mchana amechoka kama mtu aliyebeba matofali, na jambo lolote lenye hatua mbili tatu linamshinda kulianza.

Na huyu zamani ndiye aliyekuwa akiwapikia Waswahili wa hapa harusi zao. Mimi sikutaka watu wajue yaliyotupata, kwetu mambo ya nyumba husitiriwa, basi nikajifunza kupika biriani mimi. La kwanza lilikuwa uji wenye nyama. La pili tulikula kwa heshima tu. Baadaye, sijisifu, mkono ukakubali, nikawa nalipeleka kwenye shughuli za watu nikisema, "Saleha anawasalimu, kawaletea hili." Leo kina mama wanasema tangu atolewe mawe ya nyongo mkono wake umezidi utamu. Nikisikia hivyo natazama viatu vyangu, lakini moyoni, Bi Goretti, ngoma inalia.

Mwezi uliopita Anish akanambia atakuja mtaalamu anaitwa Fiona, kazi yake kuangalia mtu anaishi vipi nyumbani mwake, anaweza nini na hawezi nini. "Usiandae chochote, Bwana Maulid," akasema. "Iwe siku ya kawaida." Mimi nikasikia mgeni anakuja, mengine yakanipita. Nyama nikailaza kwenye viungo tangu jana yake. Asubuhi nikabandua zile karatasi nilizozibandika jikoni kumkumbusha Saleha, ZIMA JIKO, SUKARI IKO HAPA, KUNYWA DAWA, maana nyumba ilionekana kama darasa la kwanza. Nikamvisha gauni la sikukuu na mtandio mpya. Binti yetu Nunu, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hukijibu kwa Kiingereza cha Birmingham, akasimama mlangoni akanitazama.

"Baba, huyu mama anakuja kupima ubongo. Haji kuposa."

Nikamwambia anyamaze, akatie udi.

Fiona akaja, mama mwema, akavua viatu bila kuambiwa. Akamuuliza Saleha, mimi nikitafsiri, anajisikiaje siku hizi. Saleha akajibu kwamba hajambo, anamshukuru Mungu, na yeye je, watoto wazima? Kwani angejibu nini? Nani kwetu akiulizwa hali humwagia mgeni maradhi yake? Fiona akamwomba amtengenezee chai ili aone anavyofanya, mimi nikaruka kama niliyekalia moto, "Mgeni asubiri chai? Haiwezekani!" na chai ikafika kabla hajamaliza kufungua mkoba. Kisha likaja biriani. Akala, akafumba macho.

"Umepika wewe, Saleha?"

Saleha akanitazama. Nikadakia mimi: "Nani mwingine? Mimi hata yai linanishinda."

Fiona akaondoka na kopo limejaa. Mlango ulipofungwa Saleha akanambia, "Maulid, mimi sikupika." Nikamwambia, nakusitiri mke wangu. Asubuhi yake alikuwa hamkumbuki tena Fiona.

Wiki iliyopita Anish kaniletea ripoti. Fiona kaandika kwamba Saleha hupanga na kupika mlo mgumu wa wageni bila kuelekezwa, kwamba nyumba haina hata kikumbusho kimoja na inakwenda sawasawa, na kwamba msaada atakaohitaji ni wa saa chache tu kwa wiki. Anish anataka tumwambie kama kuna lisilo sahihi kabla hajaipeleka kwa mawakili wa hospitali. Na kinachonikosesha raha ni hiki: Nunu amepata chuo kikuu Leeds, anaanza Septemba, na yeye ndiye anayekaa na mama yake mimi nikiwa barabarani. Alipoisoma ile ripoti hakucheka tena. Akasema basi hatakwenda, atabaki. Kasema bila hasira, afadhali angenigombeza.

Nikisema kweli, Anish si atatuona waongo na kesi ivunjike? Na mji mzima si utajua hali ya Saleha? Nikinyamaza, mke wangu atabaki na nani? Nifanyeje?

Maulid, mpishi wa siri, Ladywood

JIBU

Kaka Maulid,

Nimecheka nikiwa nimeketi, kama ulivyoagiza. Sasa nimeacha.

Kwanza pole, wewe na Saleha. Miaka mitatu umepika, umeendesha gari, umebandika karatasi na kuzibandua, na hujalalamika hata mstari mmoja. Wanaume wa namna yako ningependa wauzwe hapa Northfield, ningenunua wawili. Lakini kupenda kwako kumekuwa na makelele mengi kiasi kwamba mkeo hasikiki. Katika nyumba ile siku ile alikuwepo msema kweli mmoja tu, na ndiye ambaye ubongo wake ulikosa hewa.

Unasema unamsitiri. Sitara ni kwa watu wa mtaani wanaotaka habari za kutafuna na chai. Fiona si wao. Yeye ni kama daktari wa kidonda, na wewe umekifunika kidonda kwa mtandio mpya halafu unashangaa ameandika kwamba hakipo. Methali ya mficha maradhi unaijua tangu utotoni, sitakupotezea wino. Na tuambiane ukweli kidogo: sehemu ya sitara hiyo ni ya Saleha, na sehemu ni ya zile sifa unazozipokea ukitazama viatu.

Tena acha kuiona fidia kama bakuli la ombaomba. Waliokosea wanatakiwa kulipia msaada ambao Saleha asingeuhitaji kama wangemwangalia. Usipowaambia anahitaji nini, msaada huo hauyeyuki, unahamia mgongoni kwa msichana wa miaka kumi na minane. Hilo biriani, kaka, Nunu ndiye anayelilipia.

Mimi si wakili, nilikuwa muuguzi, lakini nimewaona Waswahili wengi mbele ya wataalamu, na sote tuna ugonjwa mmoja: tukiulizwa, hatujambo. Kwa hiyo mpigie Anish leo. Usimwandikie insha ya kuomba radhi, mwambie tu: nilipika mimi, chai nilitengeneza mimi, karatasi nilizibandua mimi. Hatakufukuza. Ripoti bado iko mkononi mwake, na amekuuliza kwa sababu hiyohiyo. Kosa linalosahihishwa sasa ni aibu ya dakika tano. Likigunduliwa na mawakili wa upande wa pili baadaye, watauliza ni lipi jingine mlilopaka rangi, na hapo hata kweli yenu itatiliwa shaka.

Mwombe Fiona arudi siku ya kawaida, tena asubuhi na mchana, amwone Saleha akiwa na nguvu na amwone zikiisha. Omba na mkalimani wa Kiswahili asiye wa familia. Karatasi zako zibaki ukutani. Nawe, tafadhali, usije ukageukia upande wa pili ukamlaza kitandani na kumfundisha kuugua, maana nakujua sasa, ukiamua jambo hulifanya kwa sufuria kubwa. Anachoweza aonekane anakiweza. Zile salamu zake ni mali yake, aringe nazo.

Nunu aende Leeds. Kama mambo ya fidia hayajakamilika Septemba, mwambie Anish wazi kwamba mtabaki bila mtu wa kukaa naye. Hospitali ikishakiri kosa, wakili anaweza kuomba sehemu ya fidia itangulizwe ili mpate msaidizi wa mchana. Wakati huohuo omba na baraza la mji waje kumpima kwa ajili ya huduma. Hayo yote ni haki yenu, na hakuna hata moja litakalotangazwa harusini.

Lakini kabla ya kuinua simu, kuna jambo umelisahau katika barua nzima. Umeniuliza mimi, umemsikia Anish, umemsoma Fiona. Saleha hujamuuliza. Keti naye asubuhi, kabla hajachoka, televisheni imezimwa. Msomee ripoti kidogo kidogo, umuulize yeye anataka watu wajue nini juu yake na asaidiwe vipi. Ni mwili wake na maisha yake. Atachelewa kujibu. Subiri, kaka. Usimjibie.

Goretti