Kanga Niliyoifua

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimefua, nimetia wanga, nimepiga pasi. Mjukuu wangu Mwanaidi hajalala, usiku wa nne huu. Ana miaka mitatu. Yuko kwangu tangu Ijumaa, mama yake, binti yangu Tatu, alipolazwa hospitali kwa upasuaji. Anasinzia, anashtuka, analia mpaka sauti inakauka. Nyumba ina vyumba sita na kuta hazifiki juu, kwa hiyo tunakesha wote. Namwita mke wangu, kama babu yeyote. Hanitaki. Nimemwimbia, akazidi kulia. Simlaumu.

Jumanne, 5 Machi
Ushauri umejaa ukumbini. Jirani, kuli wa bandarini, kasema uji mzito. Mwingine kasema kombe, maji ya aya za Kurani. Nimempa vyote. Ameshiba, ameombewa, halali.
Nimeunguza suruali ya karani. Nilisinzia juu ya pasi. Miaka yote ya udobi sijawahi. Aibu.

Jumatano, 6 Machi
Amekuja shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Jumamosi anarudi Morogoro, anataka kumchukua. Kamtazama mtoto, kanitazama mimi, kasema hajui mgonjwa ni yupi. Nimecheka.
Tatu alinishika mkono siku aliyolazwa. "Baba, nisimkose nikitoka." Nikaahidi.
Nimemwomba shangazi asubiri mpaka Ijumaa. Mtoto akilala, atabaki. Asipolala, anakwenda. Naogopa.

Alhamisi, 7 Machi
Mama Chausiku, muuza maandazi wa chumba cha mbele, alitaka kumbeba Mwanaidi mgongoni. Akachukua kanga ya Tatu. Ikasimama kama bati.
"Babu Dobi, hii umeifanyaje?"
Nimeifua, nikasema. Mtoto alikuja ameikumbatia, imejaa uchafu. Nikaona mjukuu wa dobi hawezi kuonekana hivyo. Nikatia sabuni, buluu ya kung'arisha na wanga.
Akainusa. Akaniuliza kwao mtoto hulala na nini. Hapo nikakumbuka: na kanga hiyo hiyo, usoni.
"Mwanamume mzima," akasema, "umemfua mama yake."
Mimi mjinga. Mjinga msafi, aliyenyooshwa kwa pasi.

Ijumaa, 8 Machi
Baada ya swala nimekwenda hospitali. Doti ni kanga mbili, na ya pili Tatu anajifunika kitandani. Nimempa ile ngumu, nikaiomba yake.
"Chafu hiyo, Baba. Nimeitolea jasho wiki nzima."
Nikasema hiyo hiyo, na nisiisikie hata harufu ya sabuni. Alicheka huku ameshika mshono. Muuguzi kasema anaendelea vizuri.
Mwanaidi aliinusa. Akajifunika kichwa. Akalala chini ya meza yangu ya pasi, jua bado kali, wachukuzi wa sokoni wakigombana nje. Shangazi alifika jioni, akainama akachungulia. Akavua viatu, akatoka navyo mkononi. Naandika haya alfajiri; mtoto ndiyo kwanza anaamka.
Na mimi nimelala. Kuli anasema nakoroma vibaya kuliko kilio.

Jumamosi, 9 Machi
Shangazi amepanda gari moshi peke yake. Mvua kutwa, nguo hazikauki. Mwanaidi kaniita "mume wangu", kisha kataka andazi.
Kanga imeshaingia uji na vumbi la mkaa. Nimeipita mara nne leo, sabuni mkononi. Sijaigusa.