Leo Yeye, Kesho Miye

Baba,

Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Barua hii siyo ya kukulilia, kwa maana kulia nimelia. Nina neno na wewe. Nimekushuku mpaka nimekukamata.

Najua ungenitania. "Hadija, wewe uko afande ya hii nyumba?" Ulisema hivyo kila Jumamosi nilipofika Bwera kutoka Kasese, kwa sababu kabla sijanywa hata chai nilikuwa naomba kile kimfuko cha vidonge vyako vya presha nivihesabu. Musawo, yule daktari wa kliniki, alikuambia mbele yangu: kidonge kimoja kila asubuhi, hata siku unajisikia mzima, hata ukiwa na safari ya lori, maisha yako yote. Ukaitika kwa heshima, umevua kofia. Mimi sikukuamini, ndiyo maana nilihesabu.

Na hesabu ilikuwa sawa kila mara. Kila siku kimepungua kimoja. Hicho ndicho kilichonitia wazimu. Vidonge vinapungua, daftari lako la kliniki, lile la shule ulilolivalisha gazeti, limejaa vipimo vizuri kila mwezi, na wewe unashika kisogo ukisema kichwa kinagonga. Nikamshuku musawo kwamba anaandika namba za uongo ili foleni iishe. Nikashuku dawa zenyewe, nikasema labda ni chokaa. Mwisho shaka yangu ikatua kwa mama mdogo, mkeo.

Usinikasirikie. Ulimleta kutoka ng'ambo ya mpaka miaka miwili tu baada ya mama kufa, mwanamke wa Butembo, mpole kupita kiasi, asiyejibu hata ukimchokoza. Mtu mpole hivyo mimi namtazama mara mbili. Nilipomkuta anapika makayabo, yale masamaki yao yaliyojaa chumvi, nikajua nimepata. Nilimwambia usoni kwamba anakuua polepole. Aliosha wale samaki mara tatu mbele yangu, akakupikia tena, nami nikasema moyoni, huyu ana jambo.

Halafu ukaanguka safarini, pale Muhokya, mkono mmoja bado umeshika kamba ya turubai la lori. Kiharusi. Siku mbili hukusema neno, ya tatu tukakuzika.

Nisikilize sasa nilichofanya. Matanga hayajaisha nilichukua vidonge vyako vilivyobaki. Vilikuwa kumi na kimoja. Mama mdogo alinifuata mpaka mlangoni, akasema, "Hadija, iyo dawa uniachie." Nikamuuliza ya nini, na mwenyewe amekufa. Nikavifunga kwenye leso, nikavipeleka kwa muuza dawa wa Kasese ninayemfahamu. Akavitazama, akasema ni dawa safi, ni vile vile anavyouza yeye. Sikuridhika. Niliwapigia simu baba wadogo, wa Maliba na wa Mahango, nikawaambia siku eda itakapokwisha waje wote, nina la kusema juu ya huyu mwanamke, na mizigo yake iwe tayari.

Na eda yenyewe niliilinda mimi. Nilimwambia mjane hapiti lango kwa lolote lile, na majirani wakaniunga mkono. Alikubali. Kila nilipokuja nilimkuta amekonda zaidi, anapita akishika ukuta, na nilipomsemesha alikawia kunitambua. Nikasema dhambi inamla. Nilifurahi kidogo, Baba. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumamosi iliyopita alianguka kando ya sigiri. Sufuria ya maji ilimwagika, nashukuru haikuwa imechemka. Nilipomwinua alikuwa ananisukuma, "Siwezi kutoka, niko mu eda." Nikampigia simu sheikh. Akaniuliza ni nani aliyetuambia mgonjwa haruhusiwi kwenda hospitali akiwa edani. Na ni mimi niliyeliambia eneo zima. Tukampandisha bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa tangu umuoe.

Hospitalini, musawo wa zamu alimpima mkono wa kulia, akampima wa kushoto, akaita mwenzake. Kisha akamuuliza tangu lini ana presha, na dawa ameacha lini. Mama mdogo alinitazama mimi kwanza, kama anaomba ruhusa. Halafu akasema, "Niko nayo tangu Butembo. Muzee alikuwa ananigawiaka. Leo yeye, kesho miye."

Ndiyo maana hesabu yangu ilikuwa sawa. Kidonge kimoja kila siku, midomo miwili. Na akasimulia jinsi wiki ya kliniki ilivyokuwa yako peke yako, unakunywa kila siku ili kipimo kitoke kizuri na musawo asikugombeze, yeye akingoja na kichwa chake kikigonga. Yule musawo wako wa kliniki nilimwita mwongo kwa watu, kumbe aliandika alichokiona.

Nilimuuliza kwa nini hakufungua daftari lake mwenyewe kliniki, foleni ni ile ile, dawa ni zile zile. Alijibu taratibu. Alisema ulimwambia, "Hadija asijue. Akijua atasema nimeoa mugonjwa, ndugu watakurudisha." Baba, nilitamani nikatae. Lakini ningesema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Bado nina hasira na wewe. Musawo hakusema nusu ya dawa, na wewe uliitika. Ulikuwa unapanda lori na presha ya siku mbili kichwani ili usigombane na binti yako. Ungeniambia, kwanza ningepiga kelele, ndiyo, ningepiga kelele wiki nzima. Kisha ningemshika mkono nimpeleke nikamfungulie daftari. Mimi ni mkali, lakini hujawahi kuniona nikimwacha mgonjwa. Au uliona? Hilo ndilo ninalojiuliza nikifua, nikipika, nikiwa sokoni.

Sasa sikia ninachokuahidi. Ana daftari lake. Jumatano ijayo nampeleka mwenyewe, na kila asubuhi nampigia simu mpaka nisikie amemeza. Anasema ndiyo, nami bado simwamini, namwambia anywe maji nisikie. Amecheka mara moja. Kicheko chake sikukijua.

Eda imebakiza wiki tatu. Baba wadogo watakuja, maana niliwaita mimi, na watakaa wangoje niseme. Nitasimama niwaambie nilimshuku bure, na kwamba nyumba hii ni yake mpaka yeye mwenyewe atakapoichoka. Watauliza nilishuku nini na nimegundua nini. Ugonjwa wake si wangu kuutangaza, kwa hiyo nitanyamaza, wanione mjinga. Unajua kunyamaza kunavyonishinda.

Lala pema, Baba. Nimemwomba yeye msamaha, na wewe nakuomba. Nami najitahidi kukusamehe kwamba uliona kufa ni rahisi kuliko kuniambia mimi.

Binti yako,
Hadija