Mtutu Usiolia Kama Kengele

Mama,

Ile "ngo" uliyoisikia asubuhi si sufuria. Niliuning'iniza mtutu wa bunduki ya babu kwa kamba, nikaugonga kwa upawa. Mtutu mzima hulia kama kengele. Huu ulisema "ngo" ukanyamaza, kama mtu aliyeulizwa nani kamaliza sukari. Nilipouchunguza nikaona ufa karibu na pale inapokaa risasi.

Baba akatokea. "Debe tupu wewe, tunga mashairi yako, bunduki niachie mimi." Akarudi kulala. Sawa. Ila anayepima vina kwa sikio huijua sauti iliyopasuka. Na jioni akiwafyatulia nguruwe wa shambani, shavu lake litakuwa pale pale penye ufa.

Naupeleka mtutu kwa fundi wa bunduki. ~~Mwambie Baba aniombe radhi.~~ Mwambie chai yake iko kwenye chupa. Nguruwe leo wafukuzwe kwa debe tupu, lile la bati, si mimi.

Sasa hivi nimemwambia mlangoni pake, ingawa anajifanya anakoroma: "Baba, fundi akisema ni mzima, wa kwanza kuufyatua ni mimi. Shavu langu bado halijaoa; lako lina mke."

Mwanao wa kwanza